Siku Mashine Zilipolala

Kama juma lililopita gazeti halikukufikia, au lilikufikia likiwa limefungiwa sukari na ukurasa huu umepasuka, nitakueleza kwa ufupi, maana mimi mwenyewe sina subira ya kurudia mambo.

Naitwa Beldina Adero, binti wa Benta wa Usenge. Mwaka ulikuwa 1988, nami nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kisumu. Nilisomea ufundi wa viwandani, msichana peke yangu katika darasa la wavulana waliodhani nimepotea njia ya kwenda chuo cha ushonaji.

Mradi wangu wa kumalizia masomo ulikuwa winchi, mashine ya kuzungushwa kwa mkono, ya kuvutia mashua kutoka majini hadi nchi kavu. Juma lililopita mlikuwa nami wakati mashine ya kukereza vyuma ya chuo ilipotoa moshi na kufa, ikiwa imeshika shafti yangu kwenye taya zake. Shafti ndiyo mhimili ambao winchi nzima huzungukia. Mashine nyingine mbili za chuo zilikuwa zikingoja vipuri tangu kabla sijajiunga. Mlimwona pia Walubengo, mwenzangu wa mradi, alivyohamia kundi jingine bila hata kuniaga.

Mwalimu Obiero, mkuu wa karakana ya chuo, hakunionea huruma.

"Ijumaa saa mbili watahini wanaingia," aliniambia mbele ya wote. "Winchi isipozunguka, jina lako silipeleki Nairobi. Na kurudia mwaka umesharudia, Beldina. Hakuna kurudia tena."

Nyumbani mama alikuwa ametangazia ufuo wote kwamba binti yake anawaletea mashine. Nikianguka, nitarudi kugeuza dagaa wa omena juani na kuulizwa kila siku mashine iko wapi.

Ndipo nikamkumbuka Surinder Singh. Baba yake ana karakana eneo la viwanda, na mimi nilifanya mafunzo ya kazi pale, Aprili hadi Juni. Nilimwendea Jumatatu nikamweleza shida yangu, naye akacheka, akasema, "Kuja Alhamisi. Chukua leithi siku nzima." Leithi ndilo jina la mafundi kwa mashine ya kukereza. Nililala usingizi mzuri usiku ule, na hapo ndipo tulipoachana.

Sasa fuata.

Alhamisi niliamka miguu ikiwa tayari barabarani. Niliiviringisha shafti kwa gunia, nikaifunga kwenye kibebeo cha baiskeli ya kuazima, nikakanyaga hadi eneo la viwanda kabla jua halijawa kali. Najua, haraka haraka haina baraka. Aliyesema hivyo hakuwa na watahini Ijumaa.

Langoni nilimkuta Joram, mlinzi, mtu wa Kisian. Tulizoeana tangu siku za mafunzo yangu.

"Nyar Usenge!" akaniita, yaani binti wa Usenge. "Hata leo unakuja kazi?"

"Bwana Surinder aliniambia Alhamisi."

"Alhamisi gani, yawa? Leo hawa watu hawafanyi kazi. Wewe ingia tu ujionee."

Niliingia, nikasimama papo hapo mlangoni.

Sakafu ilikuwa imeoshwa. Kila mashine ilikuwa imevikwa maua ya manjano na kufungwa uzi mwekundu. Nyundo, tupa, spana, hata msumeno wenye meno yaliyovunjika, vyote vilipangwa juu ya kitambaa chekundu, na ubani ulikuwa ukifuka mbele yake. Karakana niliyoijua kwa kelele za kuziba masikio ilikuwa kimya kabisa.

Mzee Sukhdev Singh, baba yake Surinder na mwenye karakana, alikuwa ameketi mkekani bila viatu. Aliponiona akatabasamu.

"Karibu, mama. Toa viatu. Kula halua."

"Asante, Mzee. Lakini nimekuja kwa leithi. Kazi ni kidogo, nikianza saa hii hata saa sita haifiki."

"Leo hapana mashine. Leo mashine nalala."

"Inalala aje, Mzee?"

"Jana Diwali. Leo siku ya Baba Vishwakarma, ile fundi ya kwanza, nafundisha watu yote kazi ya mkono. Hii mashine mwaka nzima nafanyia mimi kazi, hapana sema nachoka. Leo siku yake. Hapana gusa. Hata nyundo hapana gusa."

Mimi nilikuwa pale Aprili hadi Juni. Siku kama hii inaangukia mwisho wa mwaka, ningeijulia wapi?

"Mzee, mtihani ni kesho."

"Wewe Jumapili naenda kanisa?"

"Naenda."

"Nabeba jembe?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi," akasema. "Kesho asubuhi sana tunaomba, tunafungua. Wewe nafanya kwanza, mbele ya kila mtu."

"Kesho saa mbili watahini watakuwa wamekaa! Kutoka hapa mpaka chuo, kuikata, kuifunga kwenye winchi, haiwezekani, Mzee. Haiwezekani!"

"Kaa chini, mama. Kula kwanza. Mimi nataka—"

Sikutaka kujua alichotaka. Nilikuwa nimeshageuka. Mtu mwenye shibe na siku nzima ya kukaa mkekani anaweza kuniambia nini mimi? Nilitoka nikiwa nimeshika gunia langu, machozi ya hasira yakinichoma macho, na nyuma yangu Mzee alikuwa bado anaongea.

"Beldina! Ngoja, bana!"

Alikuwa Surinder, anakuja mbio, suruali ya jinzi na kilemba cha bluu. Alizaliwa Kisumu, Kiswahili chake ni cha mtaani kama chetu.

"Uliniambia Alhamisi," nikamwambia.

"Pole. Nilisahau. Hiyo kalenda ya Baba mimi huwa siifuati."

"Pole haizungushi winchi."

Akacheka. Sasa niseme ukweli, kwa kuwa nimeshaanza kuusema. Siku za mafunzo yangu Surinder alijifunza kunisalimu kwa Dholuo, akikosea kila neno, nami sikuchukia. Kuna asubuhi nilizopaka mafuta usoni kwenda kushinda kwenye vumbi la chuma, na sikuwa nampakia Joram.

"Sikiliza," akasema polepole. "Saa sita wote tunaenda gurdwara, hekalu letu, kuomba na kula. Tutakaa huko mpaka jioni jioni. Huu ni ufunguo wa mlango wa nyuma. Kata shafti yako, fagia, rudisha maua. Nani atajua?"

"Na baba yako?"

"Mimi nitakuwa nimekaa karibu na yeye, nakula dengu. Nilikupa neno langu, Beldina."

Aliuweka ufunguo mkononi mwangu na kuufunga mkono wangu kwa mkono wake. Nilijiambia kwamba huyu ndiye mwanamume wa kweli kati ya wote niliowahi kufanya nao kazi.

Nilizunguka mtaa mpaka gari la mwisho likatoka langoni. Joram aliponiona na ufunguo hakuuliza mengi. Alimwona Surinder akinipa. Alikuwa pale pale langoni, akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Mlango wa nyuma mimi siuoni," akasema. "Macho yangu ni ya mbele tu."

Nikaingia.

Nilisimama mbele ya leithi kama mtu anayesita kumwamsha mgonjwa. Uzi mwekundu ulikuwa umezungushwa kwenye taya, fundo dogo, limefungwa kwa uangalifu. Nilijaribu kulifungua kwa kucha, likakataa. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa kanisa la Anglikana na kwamba uzi ni uzi. Nilijiambia pia kwamba mashine haijui Alhamisi wala Ijumaa. Na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaukata.

Nikabonyeza swichi.

Msomaji, mashine ile ilizunguka bila kinyongo! Chuma kilianza kumenyeka, vipande vyake vikajisokota na kudondoka miguuni pangu vikiwa vya bluu kwa joto. Nilipunguza, nikapima, nikapunguza tena. Nilikuwa nimekuja na bushi ya shaba ambayo shafti ilipaswa kuzungukia ndani yake. Nikaivalisha. Iliingia kwa mkono, bila nyundo, ikateleza hadi mwisho, ikazunguka kimya.

Nilipiga kelele ya furaha peke yangu mle ndani. Akilini nilimwona mama ufuoni. Nilimwona mwalimu Obiero akitafuta kosa na kulikosa. Nilimwona hata Walubengo.

Hapo ningefagia na kuondoka, na wewe leo usingekuwa na cha kusoma. Lakini mimi kazi ya nusu hunikera kama kijiwe kwenye kiatu. Upande wa pili wa shafti ulikuwa na mkwaruzo mdogo. Haukudhuru chochote. Nikaigeuza, nikaanza kuusafisha.

"MZEE! UMERUDI MAPEMA SANA!"

Ilikuwa sauti ya Joram, na hakuna mlinzi anayemsalimu tajiri wake kwa sauti ya kusikika mpaka Maseno.

Nilizima. Nikachomoa shafti, nikarusha maua juu ya mashine, nikajificha nyuma ya mashine ya kutobolea. Uzi sikuweza kuurudisha. Kufagia ndiyo usiseme.

Mzee Sukhdev aliingia na sahani ya chapati mkononi. Alikuwa amerudi kumletea Joram chakula cha sikukuu kikiwa moto, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Surinder alikuwa nyuma amebeba sufuria ya dengu. Niliyasikia maneno ya Mzee: "Joram, kuja ndani, kula hapa, leo wewe pia sikukuu."

Kisha akaona vipande vya chuma sakafuni.

Aliiendea leithi. Akaweka kiganja juu ya mota yake kama anavyofanya mama akimgusa mtoto kipaji kujua kama ana homa.

"Iko moto," akasema.

"Joram. Nani naingia hapa?"

"Mzee, mimi nilikuwa mbele. Ya nyuma mimi sijui."

"Kama hapana jua ya nyuma, wewe askari ya nini? Toa koti. Leo mwisho."

Nilichungulia. Joram alikuwa ameshapewa sahani ya chapati, na sasa anajaribu kufungua vifungo vya koti la ulinzi kwa mkono mmoja, hajui sahani aiweke wapi. Ana watoto Kisian. Nilimsubiri Surinder aseme. Alikuwa akiangalia ndani ya sufuria.

Nikatoka.

"Ni mimi, Mzee. Joram hana makosa."

Mzee alinitazama. Ningefurahi kama angenitukana. Matusi nimeyazoea, nimesoma na wavulana. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumizwa nyumbani kwake, na mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Joram, vaa koti," akasema. Kisha akanigeukia. "Mimi nasema wewe kaa. Mimi nasema ngoja."

"Ulisema kesho, Mzee. Kesho haingenitosha. Nisamehe. Sikuwa na njia."

"Nani nafungua mlango?"

"Mimi."

"Na ufunguo ya nani?"

Nilimtazama Surinder. Alikuwa na nafasi ya kusema, na nilimwachia yote. Sema, mtu wangu. Neno lako uliliweka mkononi mwangu asubuhi.

Nje pikipiki ikanguruma na kuzimika. Akaingia mwalimu Obiero, amevua kofia yake ya chuma, jasho linamtoka, anatabasamu. Mwalimu Obiero kutabasamu ni jambo la kuandikiwa tarehe.

"Ahaa! Beldina! Nimekutafuta chuo kizima, mpaka jikoni. Vizuri umeshakutana na mtahini wako."

"Mtahini yupi, mwalimu?"

"Si huyu? Mzee Singh ndiye anawakilisha wenye viwanda kwenye meza yetu mwaka huu. Hukujua? Amenipigia simu asubuhi, akasema kuna msichana wangu amemjia na shida. Ameomba uwe wa mwisho kabisa, kesho alasiri, ndiyo upate asubuhi nzima kukata shafti hapa kwake. Wale wa Nairobi wamekubali. Nikasema habari njema nilete mwenyewe."

Habari njema.

Nilijaribu kukumbuka Mzee alikuwa anasema nini nilipogeuka na kutoka. Kaa chini, mama. Kula kwanza. Mimi nataka. Alitaka kupiga simu. Kama ningekula ile halua, vijiko vitatu tu, ningekuwa nimelala nyumbani saa hii nikingoja kesho. Nikaanza kulia, na sikujificha.

"Mimi nataka sema asubuhi," Mzee akasema taratibu. "Wewe nakimbia."

Tabasamu la mwalimu lilikuwa limeshaondoka. Alikuwa ameiona shafti mikononi mwangu, inang'aa, ina bushi yake.

"Hiyo imekatwa lini?" akauliza. "Na kwa ruhusa ya nani?"

"Mwalimu, ngoja kidogo," Mzee akamwinulia mkono. "Mimi iko na swali moja, yeye bado jibu." Akanisogelea. "Mama, sikia. Siku ya mashine wewe nakosea. Hiyo mimi nasumbuka nayo na Mungu. Lakini kama mtu ya hapa napa wewe ufunguo, wewe hapana mwizi. Mimi kesho nakuja chuo, naangalia kazi yako kama kazi ya mwingine. Sema tu. Ufunguo natoka kwa nani?"

Alikuwa amenipa njia ya kujiokoa. Neno moja tu na nimepona, na mama amepata mashine yake. Lakini nilijua pia neno hilo lingemfanya nini Surinder mbele ya baba yake, siku kama hii. Nikamtazama kwa mara ya mwisho. Yeye naye akanitazama, na nikaona midomo yake inatetemeka, nikafurahi, maana nilijua sasa anasema.

Na kweli akasema.

"Baba, aliuiba. Asubuhi pale langoni nilikuwa naongea na yeye. Ulikuwa kwa mfuko wa shati yangu. Mimi nilifikiria umeanguka tu."

Aliyasema kwa Kiswahili. Yeye na baba yake huongea Kipunjabi siku zote, nimewasikia miezi mitatu mizima. Alitaka mwalimu Obiero asikie kila neno.

"Muongo!" Nilisikia sauti yangu ikigonga mabati. "Joram! Ulikuwa pale langoni. Ulimwona akinipa. Joram, waambie!"

Joram aliiweka sahani yake juu ya pipa. Akaanza kufunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kuanzia chini, na hakuinua macho mpaka akafika shingoni.

Mzee Sukhdev alimwangalia mwanawe, kisha akaniangalia mimi. Alionekana amezeeka ghafla, na sikuweza kujua anamwamini nani.

"Beldina," mwalimu Obiero akasema, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu hata siku mashine ya chuo ilipoungua. "Weka hiyo shafti chini. Utoe na ufunguo. Twende ofisini kwa mkuu wa chuo, na njiani tutapitia kituo cha polisi."

Ufunguo niliutupa miguuni pa Surinder. Shafti nikaikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, nikarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, maana mlango wa nyuma ulikuwa bado wazi na baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta nje yake.